Mashariki mwa Congo: Pikipiki mpya zinavutia macho, lakini freni na kofia zinabaki nyuma

Pikipiki mpya haifiki kimya kwenye parkingi ya wamotari. Iwe Goma, Butembo, Beni, Bunia ao Bukavu, wenzake mwenye nayo wanaizunguka, wanapima kiti kwa mkono, wanaomba awashe injini ili wasikie mlio wake. Mjadala unaanza hapo hapo. TVS ao Bajaj? Ya Uhindi ao ya Uchina? Ya 125 ao ya 150? Inakunywa esanse kiasi gani? Piesi zake zinapatikana sokoni ao mtu atangoje wiki mbili?

Ni maswali ya watu wanaojua kazi yao. Lakini mara nyingi kuna mawili ambayo hayatoke: pikipiki hiyo inasimama namna gani ikiwa na abiria wawili nyuma, na abiria atavaa nini kichwani? Mashariki mwa Congo, ambako pikipiki ni taksi, ni lori na mara nyingi ni ambilansi ya mama mjamzito kutoka kijijini, maswali hayo mawili yana uzito kuliko rangi ya tangi.

Kutoka chukudu mpaka «150»

Goma ina sanamu ya chukudu kwenye moja ya rond-point zake, kwa heshima ya kile chombo cha mbao kilichobeba viazi, makala na mbao kwa miaka mingi. Pikipiki ilichukua nafasi kubwa ya kazi hiyo, na zaidi ilibeba watu. Kabla ya taksi za pikipiki kuenea, wakaaji wengi walizijua kupitia Honda XL za mapadri na Yamaha AG za mashirika ya misaada: ndefu, ngumu, na ghali kupita uwezo wa kijana wa mtaani.

Kilichofungua soko ni pikipiki ndogo ya bei nafuu. Asili ya injini nyingi za Kichina zinazotembea katika mitaa yetu inarudi kwa Honda CG125 iliyotoka mwaka wa 1976. Mafundi wa Honda waliitengeneza kwa ajili ya nchi ambako mtu anabeba mzigo mzito, anatembea siku nzima na anachelewa kubadilisha mafuta ya injini. Waliacha mnyororo wa ndani unaoendesha vali, wakatumia vijiti vinavyozisukuma kutoka chini. Injini haikuwa na mbio nyingi, lakini ilivumilia. Viwanda vya Uchina viliiga mpango huo, na fundi wa kando ya barabara akajifunza kuifungua na kuifunga bila kitabu.

Kisha zikaja pikipiki za Uhindi. Bajaj, yenye makao yake Pune, ilileta Boxer. TVS, ya kusini mwa Uhindi, ilileta HLX, iliyopangwa hasa kwa masoko ya Afrika. Boxer ya 150 ina injini ya ujazo wa karibu sentimita 145 na nguvu ya farasi karibu 12. Kwa mpenzi wa pikipiki wa Ulaya, hiyo ni ya mwanafunzi. Kwa motari anayepanda mlima wa Lubero na mifuko miwili ya mchele, ni injini inayovuta polepole bila kulia, na ndiyo anayotaka.

Kwa hiyo wanaosema kwamba wamotari wetu wananunua vibaya wanakosea. Wananunua kwa hesabu. Wanajua piesi, esanse na bei ya kuuzia pikipiki ikichakaa. Shida ni kwamba hesabu hiyo inahusu pikipiki inapotembea, haihusu inaposimama.

Freni ambazo hakuna anayeziuliza

Tangu Aprili 2019, sheria ya Uhindi inataka kila pikipiki mpya inayouzwa huko yenye injini ya kupita 125 iwe na ABS, yaani mfumo unaozuia gurudumu lisifungike wakati freni inapokamatwa kwa nguvu. Kwa zile za 125 na chini yake, sheria hiyo ilitaka ziwe na ABS ao angalau mfumo unaounganisha freni ya mbele na ya nyuma, ili mtu akikanyaga moja, nyingine pia ifanye kazi.

Lakini pikipiki nyingi za kazi ambazo viwanda vya nchi hiyo vinauza Afrika bado zina freni za ngoma mbele na nyuma, bila mfumo hata mmoja kati ya hiyo miwili. Si kosa la kiwanda peke yake. Kiwanda kinauza kile ambacho sheria ya nchi inakubali na mnunuzi anauliza. Congo haijaweka sharti kama hilo, na mnunuzi anauliza bei.

Kuna wanaotetea freni ya ngoma, na hoja yao si ya bure. Kwenye matope ya kati ya Komanda na Mambasa, ao kwenye vumbi la mawe ya volkano la Goma, ngoma inafunikwa, na kila fundi anajua kuitengeneza. Freni ya diski inataka vipande vizuri, na sokoni vipande vya uongo ni vingi. Lakini mfumo wa kuunganisha freni mbili unaweza kuwekwa hata kwenye ngoma. Hauhitaji kompyuta wala fundi wa kutoka Kinshasa.

Hesabu ya njia ni rahisi. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, pikipiki inatembea karibu metre 17 kila sekunde. Motari akichukua sekunde moja tu kushtuka, ameisha kupita metre 17 kabla mkono wake haujakamata freni. Na nguvu inayopaswa kuuawa na freni haipande sawasawa na mwendo: kutoka kilometa 40 mpaka 60, inaongezeka kupita mara mbili. Weka hapo abiria wawili na mfuko wa unga juu ya tangi. Pikipiki iliyopangwa kwa watu wawili sasa inaombwa kusimamisha uzito ambao haikutengenezewa.

Tena kuna desturi ya kuendesha. Motari wengi walifundishwa na kaka ao rafiki, kwenye uwanja wa mpira, kwa siku chache. Moja ya mambo wanayorithi ni woga wa freni ya mbele, eti itamwangusha mtu. Ni kweli kwamba kwenye changarawe ama matope inataka mkono mwepesi. Lakini kwenye lami kavu, wakati wa kusimama uzito mwingi unakimbilia mbele, na freni ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Anayetumia ya nyuma peke yake anaacha nusu ya usalama wake bila kuitumia.

Deni linalokamata mkono wa mwendo

Hata pikipiki yenye freni nzuri haiwezi kumsaidia mtu anayelazimishwa kukimbia. Motari wengi hawana pikipiki yao wenyewe. Wanatembeza ya mtu mwingine na kila jioni wanamletea kiasi kilichopatanwa, kile wanachoita versement. Wengine wako kwenye mkataba: wakilipa kwa miezi fulani, pikipiki inakuwa yao.

Katika mpango huo, motari analipa kwanza mwenye pikipiki, kisha esanse, kisha barrière na makaratasi, na mwishoni nyumba yake. Kinachobaki kinatoka kwenye kile anachoongeza: safari moja zaidi, abiria wa tatu, saa mbili zaidi usiku. Mwendo wa kasi na kupakia watu wengi vinaitwa utundu wa vijana. Sehemu yake ni utundu, kweli. Sehemu kubwa ni versement.

Ndiyo maana mafunzo ya usalama peke yake hayabadilishe mengi. Motari anayefundishwa asubuhi kwamba abiria wawili ni hatari, jioni anadaiwa pesa zile zile. Mwenye pikipiki, ambaye mara nyingi ni mfanyakazi wa ofisi, mwalimu ao mfanyabiashara, haonekani barabarani na hakuna anayemuuliza kitu. Lakini ni yeye anayechagua modeli, anayeweka kiasi cha versement, na anayeamua kama mipira iliyoisha meno itabadilishwa wiki hii ao mwezi ujao.

Sheria nayo iko mbali. Sheria ya barabara ya Congo ni ya tarehe 30 Agosti 1978, wakati ambapo hakuna aliyewaza kwamba siku moja pikipiki itakuwa usafiri wa kwanza wa miji ya mashariki. Katika vita na ukosefu wa usalama, viongozi wa miji kama Goma na Beni wamewahi kukataza pikipiki kutembea usiku. Ilikuwa njia ya kupunguza mauaji na wizi, na motari aliyekwisha kuona mwenzake akiuawa kwa ajili ya pikipiki mpya anaielewa. Lakini versement haikupunguzwa kwa sababu saa za kazi zimepunguzwa. Kwa wengi, maana yake ilikuwa kukimbia zaidi mchana.

Kofia ya pili

Shirika la Afya Duniani lilionyesha katika ripoti yake ya mwaka wa 2023 kwamba watu karibu milioni 1 na laki 2 wanakufa kila mwaka katika ajali za barabarani duniani, na kwamba 21 kwa mia kati yao ni watu wa vyombo vya magurudumu mawili na matatu. Uchunguzi uliokusanya kazi za wataalamu wengi ulionyesha kwamba kofia ya pikipiki inapunguza hatari ya kufa kwa karibu 42 kwa mia na hatari ya kuumia kichwa kwa karibu 69 kwa mia.

Mashariki mwa Congo, kaske ikiwepo mara nyingi ni moja, na iko kichwani mwa motari. Wakati mwingine imetundikwa kwenye usukani, ikingoja polisi wa barabara. Abiria hana. Sababu wanazotoa abiria zinajulikana: inanuka, inaharibu nywele, mwenye kuivaa kabla alikuwa na ugonjwa gani?

Sababu hizo si za Congo peke yake, na majirani wamezijibu. Kampala, SafeBoda ilianza mwaka wa 2014 kwa kuwapa madereva wake kofia mbili na vitambaa vyepesi vya kufunika nywele. Kigali, abiria anapewa kofia kabla ya kuondoka. Wakongomani wanaofika kule wanaivaa bila kubisha, kwa sababu kila mtu anaivaa. Kwa hiyo si kusema kwamba watu wetu hawapendi kofia. Hawajapewa, na hakuna aliyeifanya kuwa jambo la kawaida.

Na za umeme?

Mjadala mpya kwenye parkingi ni pikipiki za umeme. Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza kazi hiyo mwaka wa 2019: motari hangoji betri ijae, anaibadilisha kituoni kwa dakika chache na kuendelea. Serikali ya Rwanda ilienda mbali zaidi. Tangu Januari 2025, pikipiki mpya zinazoandikishwa kwa kubeba abiria mjini Kigali zinapaswa kuwa za umeme.

Je, Goma ao Butembo wanaweza kufuata? Umeme wa maji upo. Kiwanda cha Matebe, Rutshuru, kilichofunguliwa mwaka wa 2015, kina uwezo wa kupita megawati 13, na vingine viko Mutwanga na Luviro. Na kila mara esanse inapopanda kwa sababu barabara imefungwa, motari analinganisha chupa ya kadhafi na betri.

Lakini pikipiki ya umeme inafuata kituo chake. Katikati ya mji, yule anayefanya safari fupi kutwa nzima anaweza kupata faida. Yule wa Butembo mpaka Kasindi, ao wa Bunia mpaka Mahagi, akiishiwa betri njiani hana kadhafi wa kumwokoa. Na nyaya za umeme zinazokatwa na vita zinakata pia kazi yake. Kwa sasa umeme ni jibu la mji wenye utulivu, na utulivu ndio unaokosekana.

Cha kuangalia kabla ya kununua

Wamotari wana nguvu ambayo mara nyingi haihesabiwe. Mwenzao akifa, wanatoka kwa mamia kumsindikiza kaburini, pikipiki zikipiga honi mji mzima. Akiibiwa, habari inazunguka parkingi zote kabla ya jioni. Vyama vyao vinajua kukusanya watu haraka kuliko chama chochote cha siasa.

Nguvu hiyo ikiwekwa kwenye mambo matatu, ingeokoa watu wengi. La kwanza, kuomba wauzaji walete modeli zenye freni zilizounganishwa, kama zile zinazouzwa Uhindi. Mnunuzi anayenunua mia anasikilizwa. La pili, kupatana na wenye pikipiki juu ya versement inayozingatia siku za vita, mvua na saa zilizokatazwa. La tatu, kofia ya pili kwenye kila pikipiki ya chama, yenye kusafishwa.

Injini imara tayari zinapatikana hapa; CG125 ya mwaka wa 1976 ilimaliza swali hilo zamani. Mpenzi wa pikipiki akiizunguka TVS ao Boxer mpya kesho asubuhi, akamate pia freni ya mbele kwa mkono, ainame atazame gurudumu, na amuulize mwenye nayo kofia ya abiria iko wapi.