MGENI ASIYEPIGA HODI

Waswahili wana adabu moja ambayo mtoto hufundishwa kabla hajajua kuhesabu. Ukifika mlangoni kwa mtu, hata awe ndugu yako wa tumbo moja, na hata mlango uwe wazi, husukumi ukaingia. Wapiga hodi, kisha wangoja. Usipoitikiwa wapiga ya pili, halafu ya tatu, na ya tatu isipoitikiwa wageuka ukaenda zako, wala huna haki ya kununa. Na mwenye nyumba akiuliza, "Nani?", hujibu "Mimi" tu, bali wataja jina lako, ili ajue anamfungulia nani.

Adabu hii twaikumbusha leo kwa sababu ya mgeni mmoja aliyezoea kuingia majumbani na maafisini mwetu pasipo hodi. Mgeni huyo hana miguu. Huja kwa njia ya intaneti, akaingia ndani ya kompyuta, akala bando la mwenyeji mpaka likaisha, kisha akaizima mashine na kuiwasha kwa wakati aupendao yeye. Jina lake ni sasisho.

Huenda wako wasomaji ambao hawajapata kulisikia jina hilo. Kila kompyuta, na kila simu ya kisasa, ina programu moja kuu inayoziendesha nyingine zote. Hiyo ndiyo iitwayo mfumo wa uendeshaji, na katika kompyuta nyingi za afisini na majumbani ni Windows ya kampuni ya Microsoft ya Marekani. Kama nyumba yoyote, programu hiyo huwa na nyufa ambazo hazikuonekana siku ya kujengwa. Mafundi wakiugundua ufa hutengeneza kiraka, wakakituma kwa intaneti. Tangu mwaka 2003 Microsoft hutoa viraka vyake Jumanne ya pili ya kila mwezi. Mbali na viraka, mara kwa mara huja matoleo mapya mazima, makubwa, yenye kuibadili sura ya mashine. Yote hayo, madogo kwa makubwa, ndiyo masasisho.

Basi, ikiwa ni kiraka cha kuziba ufa, mbona watu wanung'unika? Wanung'unika kwa sababu ya namna kinavyoletwa.

Mwaka mmoja, tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kupeleka taarifa za kodi ya mapato, tulikuwa tumeketi mkahawani karibu na kijana mmoja aliyekuwa na kompyuta ya mkononi. Alinunua bando la gigabaiti moja katika simu yake, akaiunganisha simu na kompyuta, akaanza kujaza fomu. Hakufungua picha, hakutazama filamu. Haikupita nusu saa, simu ikalia kumwarifu kwamba bando limekwisha. Kumbe alipokuwa akihangaika na fomu, kompyuta yake ilikuwa ikijipakulia masasisho kimyakimya. Kijana hakuwa na pesa nyingine katika simu, na faini ya kuchelewa haikuwa chini ya shilingi 2,000. Ilimbidi amwombe jirani wa meza ya pili ambaye hakuwahi kuonana naye. Fomu ilikwenda saa tano za usiku, na kijana akaondoka ameinamisha kichwa kana kwamba yeye ndiye aliyekosa.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Lakini kijana huyu daftari alikuwa nalo. Alijua alinunua kiasi gani, na kwa kazi gani. Aliyekosa daftari ni mgeni.

WATENGENEZAJI NA WATUMIAJI

Chanzo cha mambo haya si uchawi. Wanaoziunda programu hizi aghalabu hukaa katika miji ambayo mtu hulipa intaneti ya nyumbani mara moja kwa mwezi, akatumia apendavyo. Kwao gigabaiti sita ni sawa na maji ya mto, uchote usichote yatapita. Kwetu sisi wengi hununua intaneti kama tununuavyo mafuta ya taa, kwa kipimo, na kipimo kikiisha taa huzimika. Tena wengi huipa kompyuta intaneti kutoka katika simu. Kompyuta haioni simu wala bando. Inaona Wi-Fi tu, na imefundishwa kwamba penye Wi-Fi pana intaneti ya bwerere. Hapo ndipo inapojipakulia.

Wala si sisi peke yetu tuliolia. Tarehe 29 Julai 2015 Microsoft ilitoa Windows 10, na kwa muda wa mwaka mmoja ikawapa bure wenye Windows 7 na Windows 8.1. Zawadi si jambo baya. Lakini mnamo Septemba mwaka huo ilijulikana kwamba katika kompyuta za watu ambao hawakuiomba zawadi hiyo, lilikuwako furushi lililofichwa lenye ukubwa wa hata gigabaiti sita. Kampuni ilikubali kwamba ilikuwa ikilituma mapema kwa wale walioruhusu masasisho yajiingize yenyewe, ili likae tayari.

Mwaka 2016 mambo yakazidi. Kulikuwa na tangazo lililojitokeza kwenye kioo likimtaka mtu akubali Windows 10. Sote twajua kwamba alama ya X katika pembe ya tangazo maana yake ni "sitaki, niondokee." Mwezi wa Mei mwaka huo, mtu aliyebonyeza X kulifunga tangazo alihesabiwa kwamba ameridhia, na saa ya kubadilishiwa mashine ikabaki palepale ilipopangwa. Ni kama mtu akwambie "hapana", nawe uandike "ndiyo". Kelele zilipozidi, kampuni ikageuza, na mnamo Desemba 2016 Chris Capossela, aliyekuwa mkuu wake wa mauzo na matangazo, akakiri hadharani kwamba walikuwa wamepita mpaka.

Katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, wafanyakazi wa hifadhi ya wanyama ya Chinko walilalamika mwaka 2016 kwamba kompyuta zao zilikuwa zikivutiwa Windows 10 kupitia intaneti ya setilaiti, ambayo ni ghali mno. Kompyuta hizo ndizo walizotumia kuwasiliana na askari wa msituni wanaokabiliana na majangili wenye bunduki. Msomaji na afikiri mwenyewe maana ya mashine ya namna hiyo kwenda zake kubadilisha mavazi wakati inapohitajiwa.

Mjini Sausalito, California, mwanamke mmoja mwenye afisi ya kupanga safari za watu alikwenda mahakamani, akisema kwamba kompyuta yake ya kazi iliharibika baada ya kujaribu kujiwekea Windows 10 bila idhini yake. Alipewa dola 10,000. Microsoft ilikana kosa, lakini mwaka 2016 ikaiacha rufani yake. Na Ujerumani, baada ya kushtakiwa na chama cha kutetea wateja cha jimbo la Baden-Württemberg, kampuni hiyo iliahidi mwaka 2017 kwamba haitapakua tena mafaili ya mfumo mpya katika mashine ya mtu asiyeridhia.

UPANDE WA PILI

Hata hivyo haki yataka tuuseme na upande wa pili. Hatusemi masasisho ni adui, la hasha! Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa aina hii hujengwa kwa gharama kubwa.

Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa mmoja mbaya sana katika Windows. Wako waliokiweka, na wako waliopuuza. Tarehe 12 Mei, miezi miwili baadaye, programu haramu iitwayo WannaCry ilipenya kwa ufa huohuo, ikafunga mafaili ya watu na kuwadai fidia. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150 ziliumia. Katika hospitali za umma za Uingereza ilikadiriwa kwamba zaidi ya miadi 19,000 ya wagonjwa ilivunjwa. Mashine zilizokuwa na kiraka ufa wao ulikuwa umekwisha kuzibwa.

Basi daktari anahitajiwa. Ila daktari naye hukosea. Mwanzoni mwa Oktoba 2018 toleo jipya la Windows 10 lilitolewa, na baada ya siku chache Microsoft ikalisimamisha, kwa sababu lilikuwa likifuta mafaili ya baadhi ya watu, picha na nyaraka zao. Mgeni akiwa aweza kukuponya na aweza pia kukuvunjia vyombo, kupiga hodi si madaha. Hodi ndiyo inayompa mwenyeji nafasi ya kuhifadhi vyombo vyake kabla mgeni hajaingia.

Na hapa ndipo penye jambo tunalotaka lifahamike. Wenye kampuni hudhani kwamba kuingia bila hodi kwaongeza usalama, maana watu wengi ni wavivu, na wakiulizwa watasema kesho, na kesho haifiki. Kuna ukweli katika hoja hiyo. Lakini mtu aliyeliwa bando lake mara mbili au tatu hafanywi kuwa mwangalifu zaidi. Hutafuta fundi wa mtaani amfungie mlango kabisa, na mlango ukishafungwa hivyo, kiraka cha lazima nacho hubaki nje pamoja na makorokoro. Kijana yule wa mkahawani ndivyo alivyoapa kufanya usiku ule. Kwa hiyo kukosa adabu hakuleti usalama. Hodi ndiyo inayoulinda ufa uzibwe, kwa kuwa mwenye nyumba humfungulia amwaminiye.

TUNAYOOMBA

Ombi letu kwa watengenezaji ni jepesi, na lote limo ndani ya ile adabu ya mlangoni. Kwanza, mgeni ataje jina na uzito wa mzigo wake. Aseme, mimi ni kiraka cha usalama, au mimi ni toleo jipya, na nitakula megabaiti kadha wa kadha. Pili, asichanganye mizigo. Dawa ije peke yake, na pambo lije peke yake, ili mtu asilazimishwe kulinunua pambo kwa kuitafuta dawa. Tatu, angoje jibu, na "hapana" iwe hapana. Nne, aseme kwa lugha ya mwenyeji. Windows inapatikana kwa Kiswahili, lakini nyingi ya mashine madukani zauzwa zikiwa zimetiwa Kiingereza, na hodi ambayo mwenye nyumba haifahamu ni kelele tu za uani.

Kwamba manung'uniko husaidia, tumeona. Windows 10 ilipotoka, mwenye toleo la nyumbani hakuwa na njia ya kawaida ya kuahirisha masasisho. Toleo la Mei 2019 lilimpa ruhusa ya kuyasimamisha kwa siku saba, tena na tena hadi siku 35. Hiyo haikuwa hisani. Watu walidai wakapewa.

Kwa serikali yetu twasema, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, yampa mteja haki ya kupata habari azihitajizo ili anufaike na bidhaa na huduma, na haki ya kulindwa masilahi yake ya kiuchumi. Bando la mwananchi ni masilahi ya kiuchumi. Wanaozisimamia biashara hizi na wasione haya kuuliza swali hilo.

Nawe msomaji usikae ukingoje wengine. Fungua mipangilio ya Wi-Fi katika kompyuta yako, uiarifu kwamba intaneti hiyo ni ya kulipiwa kwa kipimo. Hapo mashine itayazuia masasisho mengi, ingawa huenda ikaleta machache yaliyo ya dharura. Lakini usifunge ukalala. Kila mwezi, baada ya Jumanne ile ya pili, tafuta mahali penye intaneti isiyo ya kipimo, hifadhi nakala za mafaili yako, kisha viruhusu viraka viingie. Na ikiwa bado watumia Windows 10, kumbuka kwamba Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Jiulize ni nani akuletea viraka sasa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofunzwa. Hatujawahi kumfukuza mgeni aliyekuja na dawa, wala hatutaanza leo. Ila asimame mlangoni, apige hodi, ataje jina lake, na angoje aambiwe karibu.