Fundi Sanifu Asirudishwe Nyuma

Wapo walimu ambao hata leo huwaambia vijana wa kidato cha nne kwamba chuo cha ufundi ni mahali pa waliokosa nafasi ya kidato cha tano. Kauli hiyo ni potofu, na mkoani Arusha ni ya ajabu zaidi. Chuo cha Ufundi Arusha kilianzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano na Ujerumani Magharibi, na tangu hapo kimelipatia taifa mafundi sanifu wa fani mbalimbali.

Kwa kanuni, njia ya kutoka huko hadi shahada ya uhandisi i wazi: mwenye stashahada yenye wastani wa 3.0 aweza kuomba nafasi chuo kikuu. Lakini na tuhesabu miaka. Kidato cha tano na cha sita ni miaka 2, na shahada ni miaka 4, jumla 6. Stashahada ni miaka 3, na shahada miaka 4, jumla 7. Yule aliyekwisha kuunga mabomba na kupima umeme ndiye anayechelewa, kwa kuwa mara nyingi huanzishwa mwaka wa kwanza, akafundishwa upya kushika tupa!

Vyuo vikuu navyo vina hoja, nami siidharau. Chukua bomba literemshalo maji kutoka Mlima Meru kuja mjini. Fundi sanifu ajua kulilaza na kulipima. Valvu ikifungwa ghafla, maji yaliyokuwa yakienda kasi husimama, na kanieneo hupanda kiasi cha kuweza kulipasua bomba. Kuifuatia kanieneo hiyo kwa hesabu, sekunde kwa sekunde, kabla hata bomba halijanunuliwa, kwahitaji kalkulasi, na kijana wa kidato cha sita aliyesoma hisabati ya juu huwa amepata msingi wake kwa kina zaidi.

Basi upungufu ni wa hisabati, si wa karakana. Kwa nini tumrudishie karakana? Nashauri mwenye stashahada apewe miezi michache ya hisabati kabla ya muhula kufunguliwa, kisha afanye mtihani wa mwaka wa kwanza. Akifaulu, aingie mwaka wa pili; akishindwa, aanze na wenzake, wala hapana aliyedhulumiwa.

Mwalimu wa sekondari naye asingoje chuo kikuu. Mwanafunzi wake anayekwenda ufundi afungashe kitabu cha hisabati cha kidato cha tano pamoja na ovaroli.