MKONGE, MIZABIBU NA EKA TATU ZA BUBUBU

Kila apitaye njia ya Bububu huona kuta za matofali mahali palipokuwa na mikarafuu na minazi. Si jambo dogo. Kabla wenye mamlaka hawajatia saini kibali kingine, tunawaomba wazitazame sehemu mbili ambazo walowezi wa Kijerumani walipanda mazao ya kigeni, zikaja zikawa na historia mbalimbali.

Ya kwanza ni Tanga, ng'ambo ya bahari yetu. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu. Kutokana na hiyo yalienea mashamba makubwa. Ardhi ilikuwa ya bwana, na jasho lilikuwa la kibarua aliyetolewa mbali, ambaye baadaye aliitwa manamba. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walinyang'anywa mashamba hayo, yakauzwa kwa wengine. Mwaka 1967 mengi yakataifishwa. Mwaka 1964 mavuno yalizidi tani 200,000. Nyuzi za viwandani zilipoteka soko yaliporomoka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 hayakufika tani 30,000. Kwa maoni yetu, manamba hakuwa na sababu ya kuupigania mmea usiokuwa wake.

Ya pili ni bonde la Barossa, Australia ya Kusini. Walutheri waliokimbia kuingiliwa dini yao na mfalme wa Prussia walianzisha huko kijiji cha Bethany mwaka 1842, juu ya ardhi ambayo wenyeji wake hawakuulizwa. Dhuluma hiyo hatuisifu, wala mvinyo wao hauna nafasi kwetu. Lakini kilimo chao kilikuwa cha familia, baba akimrithisha mwana. Katika miaka ya 1980 soko lilipoharibika, serikali iliwalipa wakulima wang'oe mizabibu. Wengi waling'oa. Waliokataa leo wanayo mizabibu ya karne ya 19 inayotafutwa ulimwenguni, na jina la Barossa linalindwa kwa sheria.

Mikarafuu nayo ililetwa na wageni mwanzoni mwa karne ya 19, ikapandwa Mtoni na Kizimbani, ikatunzwa kwa jasho la watumwa. Mapinduzi ya 1964 yaliigeuza hali hiyo: ardhi ikawa mali ya umma, na wakulima wakagaiwa eka tatu tatu. Tulipata kile ambacho manamba hakukipata, yaani mti kuwa mikononi mwa anayeupalilia. Kuzikata eka hizo viwanja ni kuibatilisha hatua hiyo kwa mikono yetu wenyewe. Aidha, maji ya chemchemi za huku yanakwenda mjini tangu enzi ya Sayyid Barghash. Zikifunikwa kwa saruji, bei ya kiwanja haitayarudisha.

Hatusemi watu wasijenge. Vijana wanahitaji makaazi. Tunasema nyumba ziende juu, na zijengwe pasipolimika. Masheha wasishuhudie mauzo ya shamba la eka tatu kabla ya Kamisheni ya Ardhi kuthibitisha matumizi yake. Mkulima naye alipwe bei ya karafuu itakayomfanya auone mkarafuu una faida kuliko kiwanja. Nyumba husimama kwa mwaka mmoja, lakini mkarafuu humtaka mtu asubiri miaka mingi kabla ya kuchuma. Tahadhari ni kabla ya athari.