Kocha wa Shule Naye ni Mwalimu: Neno kwa Wazazi wa Gusii

Kila muhula wa pili ukifika, shule zetu huingia homa ya kandanda. Timu huanzia kaunti ndogo, zikapanda hadi kaunti, kisha eneo zima la Nyanza, ambako Kisii na Nyamira hukutana na Migori, Homa Bay, Siaya na Kisumu. Washindi huendelea hadi mashindano ya kitaifa, na wateule wachache huvuka hadi michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki. Shule ikirudi na kombe, mwalimu mkuu hupigwa picha akiwa amelikumbatia, wanafunzi huimba hadi sauti zikakauka, na pengine mheshimiwa fulani hutuma fahali achinjwe. Yule aliyewafundisha vijana hao kupokea pasi, kukaba bila kuumiza na kunyamaza refa anapokosea, yuko nyuma ya basi anahesabu jezi, maana moja ikipotea atadaiwa yeye.

Nasema wazi kwamba mtu huyo anadhulumiwa, na dhuluma hiyo huishia kwa watoto wetu. Kocha wa shule ni mwalimu sawa na mwalimu wa Hesabu. Tukimpima kwa vikombe pekee, tutapata vikombe na kukosa watu. Tukimpima kwa vijana aliowalea, tutapata watu, na vikombe vitakuja kwa wakati wake.

Twende Sironga, karibu na mji wa Nyamira, mahali ambapo wengi wakitajiwa hufikiria kwanza shule ya upili ya wasichana yenye jina hilo. Nchi hii ya Wagusii ni ya vilima, majani chai na migomba, na kipande cha ardhi tambarare kinachotosha uwanja ni mali adimu. Zipo shule katika vilima hivi ambazo goli moja liko juu ya jingine, na timu inayoshambulia kuelekea bondeni hufurahi hadi zamu yake ya kupanda ifike. Mvua nayo hupenda kunyesha alasiri, saa ile ile ya michezo.

Katika mazingira kama hayo ndimo kocha wa shule anamofanyia kazi. Tume ya Huduma ya Walimu imemwajiri kufundisha masomo mawili, tuseme Kiswahili na Historia. Ukocha aliukuta ukimngoja kwa sababu alikuwa kijana na alisema anaupenda mpira. Kipindi cha mwisho kikiisha, anaweka chaki chini, anabadilisha viatu, anachukua firimbi na mipira mitatu, mmoja ukiwa umeshonwa ubavuni kwa uzi wa nailoni. Koni hana, anapanga mawe. Njumu hazitoshi, kwa hiyo anayetoka uwanjani humvulia anayeingia. Giza likianza, anarudi nyumbani na rundo la madaftari ya kusahihisha. Msimu ukikaribia, faili huongezeka kwapani: vyeti vya kuzaliwa, nambari za usajili, picha za wachezaji. Karatasi moja ikikosekana, mchezaji anaachwa nje na lawama ni za mwalimu.

Sasa mtu wa namna hiyo mwambie kila asubuhi kwamba shule inataka kombe mwaka huu, liwe liwalo. Atafanya nini? Wapo wanaokataa shinikizo, na Mungu awazidishie. Wapo pia wanaokimbilia njia ya mkato, na kila mpenzi wa michezo ya shule anaijua kwa jina lake: mamluki. Kijana aliyekwisha kumaliza masomo huvishwa sare upya. Mwingine huchukuliwa kutoka shule ya kijijini kwa ahadi ya karo, akacheza msimu mmoja, na msimu ukiisha ahadi nayo inakwisha. Mtoto anabaki hana timu, hana karo, hana darasa. Siku rufaa ikikatwa, timu nzima hupokonywa ushindi. Wale watoto halali waliokimbia matopeni mwaka mzima hurudi nyumbani na somo chungu kuliko kufungwa mabao, kwamba wakubwa wao walidanganya. Njia ya mwongo ni fupi, lakini wanaoadhibiwa mwishoni mwake ni watoto.

Anayedhani kazi ya kufundisha vijana mpira haiwezi kuwa kazi ya heshima ya maisha mazima, na amtazame Eddie Robinson wa Marekani. Alizaliwa Louisiana mwaka 1919, mtoto wa mkulima aliyelima shamba la wenyewe kwa kugawana mavuno. Mwaka 1941 aliacha kibarua katika kinu cha chakula cha mifugo, akaenda kuwa kocha wa kandanda ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, katika chuo kidogo cha watu Weusi kilichokuja kuitwa Grambling. Mshahara wake haukufika dola 64 kwa mwezi. Alikaa hapo hapo hadi mwaka 1997. Timu zake zilishinda mechi 408, na wachezaji wake zaidi ya 200 waliingia ligi ya kulipwa.

Hesabu hizo ni kubwa, lakini mimi hunigusa zaidi namna alivyoishi. Miaka ya mwanzo alikata nyasi za uwanja mwenyewe. Aliwatengenezea vijana chakula cha safari, kwa kuwa mikahawa ya Wazungu huko Kusini haikuwaruhusu kuingia. Mechi ikiisha aliandika habari zake na kuzipeleka magazetini. Alfajiri alipita mabwenini akipiga kengele ya ng'ombe, wachezaji waamke waende darasani. Na husimuliwa kwamba wazazi fulani walipowazuia wana wao kwa sababu ya kuchuma pamba, aliibeba timu nzima hadi shambani wakachuma pamba pamoja, kazi ikaisha, vijana wakarudi uwanjani. Mzazi wa Gusii anayemzuia binti yake kwa sababu ya kuchuma majani chai ataielewa hadithi hiyo bila mkalimani. Leo makocha wa vyuo vikubwa vya Marekani hulipwa mamilioni ya dola, ila ni wachache watakaokumbukwa kama huyu wa dola 64.

Hapa nyumbani ushahidi upo. Oktoba 2024 wasichana wa Kenya walio chini ya miaka 17 walikwenda Jamhuri ya Dominika kucheza Kombe la Dunia, wakiongozwa na kocha Mildred Cheche. Hakuna timu nyingine ya kandanda ya Kenya, ya wanaume wala ya wanawake, iliyokuwa imefika Kombe la Dunia la FIFA kabla yao. Walifungwa na Uingereza, wakafungwa na Korea Kaskazini, kisha wakaishinda Mexico 2-1. Wengi wa wasichana hao walikuwa wanafunzi wa sekondari. Kabla ya kocha wa taifa kuwaona, walikwisha kuonwa na mwalimu fulani kwenye uwanja wa shule, mwenye firimbi shingoni na madaftari mezani. Shabana nayo, klabu iliyoanzishwa mwaka 1980 na ambayo Kisii yote huimba jina lake, ilirejea Ligi Kuu mwaka 2023 baada ya kukaa nje miaka 17. Siku ya mechi tunafunga maduka tukajaa Gusii Stadium. Ni haki tujiulize wachezaji wa kesho wa klabu hiyo wanafundishwa na nani leo, na kwa mipira mingapi.

Najua kuna mzazi atakayenijibu kwamba mpira unaharibu masomo. Simbezi, karo ni ghali na mtihani hauna huruma. Lakini kinachoharibu masomo ni mpira usio na mwalimu: mazoezi yasiyo na saa, safari zisizo na mpango, mchezaji anayesamehewa darasa kwa sababu ana mguu mzuri. Kocha aliye mwalimu kwelikweli hudai ripoti ya darasani kabla ya kugawa jezi, na mtoto mvivu husoma ili acheze. Tena mtaala mpya umetuondolea kisingizio. Tangu Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa gredi ya 10 wameingia shule za upili, na mojawapo ya njia tatu zilizowekwa mbele yao ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Serikali imekwisha kusema michezo ni somo. Anayelifundisha hawezi kuendelea kuwa mtu wa kujitolea.

Basi nawausia. Enyi wakuu wa shule na bodi zenu, mpunguzieni kocha vipindi msimu wa mashindano, mlipieni mafunzo ya leseni ya D ya Shirikisho la Soka la Afrika, ambayo ndiyo ngazi ya kuanzia, na msimtake kombe kabla ya kumpa mipira. Mkinunua basi la milioni kadhaa mkashindwa kununua mipira kumi, watoto wanaona mnachothamini. Enyi wazazi, mwendeeni mwalimu huyo siku ya mkutano wa shule kama mnavyomwendea wa Kemia. Mwulizeni binti yangu anaendeleaje, ana nidhamu gani, anaumwa wapi. Na kwenu viongozi wa kaunti, fahali mmoja wa sherehe ni bei ya vifaa vya mwaka mzima kwa shule ya kutwa.

Nawe kocha, una lako. Jina la mwalimu ni zito, usilibebe kwa mkono mmoja. Usiguse cheti cha kuzaliwa cha mtu. Usimwahidi mtoto wa maskini karo usiyoweza kuilipa. Ukiwafundisha wasichana, linda heshima yao kuliko unavyolinda goli lako, na atakayeivunja, hata akiwa rafiki yako, mpeleke kunakohusika. Mchezaji akiumia, mpumzishe ingawa ni fainali. Na wale wasiochaguliwa, wanaobaki pembeni wakishika maji, wafundishe nao, kwa kuwa wengi wa wanafunzi wako hawatachezea Shabana wala Harambee Starlets, timu ya taifa ya wanawake. Watakuwa wauguzi, wakulima, wafanyabiashara na wazazi, na watalea kama walivyolelewa.

Muhula wa pili hauko mbali. Msomaji, tembelea shule iliyo karibu nawe alasiri moja, mtafute mwenye firimbi, mwulize anakosa nini, kisha umpelekee angalau mpira mmoja.