Mtafutieni mtoto kivuli, si ukumbi

Napiga picha za sherehe Dar es Salaam, na swali ninaloulizwa zaidi na wazazi halihusu picha hata kidogo. "Dada, unajua ukumbi gani mzuri wa bethidei ya mtoto?" Nauliza mtoto anatimiza mwaka wa ngapi. Wa pili. Nauliza huwa analala saa ngapi. Mama anafikiri kidogo, kisha anajibu kwamba saa mbili usiku huwa keshalala, ila siku hiyo atachangamka tu kwa kuwa watakuwepo watoto wenzake.

Hatachangamka. Kazi yangu inanilazimu kumtazama mtoto kwa karibu wakati watu wote wanatazama keki, kwa hiyo nalisema hili bila wasiwasi. Mtoto wa miaka miwili aliyepitishwa saa yake ya kulala, akawekwa katikati ya spika na taa za rangi, hana sherehe. Anateseka, na mateso hayo sisi wakubwa tumeyagharimia kwa nia njema kabisa.

Kadi inasema saa kumi na mbili jioni. Mjini hapa kila mtu anajua wageni wataanza kuonekana saa mbili. Mtoto kavishwa gauni la neti linalomkwaruza makwapani, au suti yenye tai na viatu vipya ambavyo hajavizoea. Mshereheshaji anawaita wazazi waingie wakicheza, muziki unafunguliwa, mashine inatoa moshi sakafuni, na mtoto anauficha uso shingoni mwa baba. Picha yangu ya kwanza ndani ya ukumbi karibu kila mara ni kisogo cha mtoto. Baada ya hapo ni utambulisho: ndugu wa kuumeni, ndugu wa kuukeni, wafanyakazi wenzake baba, wanakikoba wenzake mama na sare zao. Keki inakatwa saa tatu na nusu, pengine saa nne. Mtoto anashikishwa kijiti chenye kipande cha keki amlishe babu, amlishe bibi, shangazi, mjomba, jirani, bosi wa baba, na foleni haijafika katikati ameshaangua kilio. "Dada, ngoja anyamaze kwanza, halafu upige." Nangoja. Wageni nao wanangoja. Mtoto anatikiswa, anapewa soda, anapokezanwa na watu asiowajua.

Kisha wazazi wanakuja kuchagua picha ya kuweka ukutani. Mara nyingi wanaichagua ile niliyoipiga kabla ya kuingia, kule kwenye maegesho, mtoto kachuchumaa anawatazama sisimizi kwenye ufa wa saruji.

Usingizi si jambo la kupuuza kwa umri huu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, ukihesabu na ule wa mchana. Wa miaka mitatu na minne saa 10 hadi 13. Sauti nayo ina hesabu yake. Shirika hilohilo limewahi kueleza kwamba desibeli 85 sikio linaweza kuzistahimili kwa saa 8 kwa siku, lakini zikifika 100 muda huo unashuka hadi dakika 15. Spika za sherehe hufika huko kwa urahisi, na mtoto mwenye siku yake ndiye anayeketishwa mbele, jirani nazo, kwa sababu meza kuu iko hapo. Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, nazo humsaidia jirani anayetaka kulala. Aliye ndani ya ukumbi, asiyeweza hata kusema masikio yanamuuma, anamtegemea mzazi wake peke yake.

Siwalaumu wazazi. Najua ukumbi unatoka wapi. Umechangia harusi za watu, umechangia kipaimara, umechangia bethidei za watoto wa wenzako kazini, na siku ya mwanao kutimiza mwaka unaona haya kuwaita watu hao nyumbani kwenye vyumba viwili vya kupanga, sebule ikiwa imejaa makochi na ujia mnagombea na mwenye nyumba. Mama mmoja wa Tabata aliniambia, "Dada, mimi ningewaketisha wapi?" Hilo ni swali la kweli, na jibu lake halimo mfukoni mwake peke yake. Nitalirudia.

Lakini mimi ni mtoto wa Pwani, na sherehe za mtoto mchanga nimezikuta kwetu kabla sijaijua keki yenye mshumaa. Siku ya saba akika, nywele zinanyolewa, mnyama anachinjwa. Siku ya arobaini mtoto anatolewa nje. Watu wanakuja wengi, pilau inapikwa kwenye masufuria makubwa uani, kina mama wanakaa mikekani, vijana wanapanga viti barazani. Na mtoto je? Mtoto kalala chumbani kwa mama yake. Anatolewa, anaombewa dua, anarudishwa. Hakuna anayemtaka aonyeshe lolote. Wakubwa wanafurahi kwa ajili yake, naye anaendelea na shughuli yake ya kunyonya na kulala. Bethidei ya ukumbini imekuja na sharti jipya, kwamba mtoto aigize furaha mbele ya watu, kwa muda tuliomchagulia, na hajui kuigiza.

Kwa hiyo mzazi akiniuliza mahali, namwomba tuanze na saa. Mtoto wa umri huu ana saa zake nzuri, na kwa wengi ni kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, ameshakunywa uji, hajaanza kusinzia. Ukishaikubali saa hiyo, nusu ya kumbi zinajiondoa zenyewe, na nusu ya gharama pia. Hakuna anayetegemea ndafu saa nne asubuhi. Wageni watakula sambusa, maandazi, matunda, watakunywa chai na juisi ya ukwaju, na kabla ya adhuhuri watakuwa wameshaondoka. Kwangu mimi saa hiyo ina faida nyingine: mwanga. Chini ya mwembe saa tatu na nusu sihitaji flashi hata moja, na mtoto asiyepigwa na flashi usoni hana sababu ya kukuogopa.

Baada ya saa, ardhi. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaishi karibu sana na chini, na sherehe yake inapaswa kuwa hukohuko. Anataka kutambaa, kuchimba, kuokota, kuanguka na kuinuka. Vigae vya ukumbi vikimwagikiwa soda vinakuwa utelezi, na huokoti kitu pale isipokuwa vibanio vya nywele na vipande vya puto. Hivyo vya puto naomba msivichukulie kirahisi. Mpira wa puto lililopasuka ukiingia kooni mwa mtoto mdogo unanasa na kuziba njia ya hewa, na wanaopamba kumbi huyatandaza maputo sakafuni kama zulia. Karanga na bisi nazo zisiwe kwenye sahani anayoifikia.

Tunazo sehemu zenye ardhi na kivuli, japo ni chache. Bustani ya Mimea pale Mtaa wa Samora, jirani na Makumbusho ya Taifa, ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kwa ajili ya kujaribu mazao. Imebaki kipande tu cha ilivyokuwa, lakini kivuli cha miti ya zaidi ya miaka mia hukipati dukani. Kijiji cha Makumbusho, kwenye Barabara ya Bagamoyo, kipo tangu miaka ya 1960, na sijaona mahali panapomfaa zaidi mtoto wa miaka mitatu: anaingia kwenye msonge, anatokea kwenye tembe, milango mifupi kwake ni mirefu ya kutosha, na ngoma zikipigwa zinapigwa na mikono ya watu anaowaona, nje, kwenye hewa, akitaka anasogea na akitaka anakimbilia kwa mama. Nendeni siku kadhaa kabla, muwaulize wasimamizi kuhusu taratibu na kiingilio, na muangalie choo kwa macho yenu. Choo ndicho kinachoamua. Mahali pasipo na maji ya kumsafishia mtoto, hata pakiwa pazuri namna gani, mtaondoka mapema mkiwa mmenuniana.

Baharini pia panafaa, ila bahari ina ratiba yake. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, katika pwani yetu maji hupwa sana mnamo saa nne na saa tano asubuhi, na kuanzia saa tisa alasiri hadi jioni yanakuwa yamejaa hadi juu. Familia nyingi huenda Coco Beach jioni, kwa sababu ya upepo na mihogo na mishikaki, kumbe kwa mtoto mdogo asubuhi ya bamvua ndiyo yenye ufukwe mpana, michanga iliyoshikana, na vidimbwi vyenye vikaa vidogo. Siku za maji mafu hesabu hubadilika, basi muulizeni mvuvi yeyote, atawaambia bila kufikiri. Na hata kidimbwi cha maji ya kifundo kinataka mtu mzima mmoja aliyepewa kazi hiyo tu, asiyeshika simu wala sahani. Kwa hoteli zenye bwawa la kuogelea nina msimamo mkali zaidi: kwa umri huu sizipendekezi kabisa. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha watoto wa mwaka mmoja hadi minne ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya kuzama, na katika sherehe kila mtu mzima anaamini kuna mwenzake anayemwangalia mtoto.

Umbali ndio wazazi huusahau. Ukitoka Mbagala au Gongo la Mboto na mtoto, na mabegi, na keki mapajani, daladala mbili na bajaji moja, mnafika mahali pazuri mtoto akiwa ameshamaliza nguvu zake njiani. Ndiyo maana bethidei nzuri kuliko zote ninazozikumbuka hazikuwa mahali panapotajwa. Moja ilikuwa uwanja wa shule ya chekechea, Jumamosi, mwalimu mkuu kawaazima wazazi ufunguo wa geti, bembea ni zilezile mtoto anazozijua. Nyingine ilikuwa chini ya mwembe wa jirani huko Kinyerezi, mikeka minne, ndoo ya maji yenye vikombe vya plastiki, rundo la mchanga wa ujenzi uliokuwa haujatumika. Watoto walikuwa wachache, wote wa mtaani. Yule wa siku yake alihama kati ya ndoo na mchanga asubuhi nzima, akaimbiwa akiwa na tope hadi viwikoni, akapiga makofi kwa sababu wenzake walipiga. Bibi yake alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni, khanga begani, akamnyanyua saa tano na nusu alipoanza kusugua macho. Kwa picha za siku ile sikulazimika kumwambia mtu yeyote asubiri.

Mwembe ule leo ni bahati. Hapo ndipo swali la mama wa Tabata linaporudi. Anaketisha wapi watu wake asiye na ua, asiye na jirani mwenye mti, aliye mbali na Mtaa wa Samora na Barabara ya Bagamoyo? Nyumba za Kiswahili za Ilala na Magomeni zilikuwa na ua nyuma. Zinavunjwa, yanajengwa maghorofa na fremu za maduka hadi kwenye mpaka wa kiwanja. Ramani za mipango miji zinatenga viwanja vya wazi, na sote tumeviona vikigeuka: kwanza gereji, kisha baa, kisha ukuta. Kinachobaki ni uwanja wa mpira wa vumbi, usio na mti hata mmoja, ambao jua la Januari halimruhusu mtoto mdogo kukaa hata robo saa. Wazazi tunaambiwa tunapenda makuu, tunakodi kumbi. Wapo wanaopenda makuu. Wengi ninaowapigia picha wanakodi paa na choo tu, kwa sababu hakuna kwingine.

Madiwani wetu wanaweza kulifanyia kazi hili bila mradi wa mabilioni. Kila kata itaje hadharani kiwanja chake cha wazi, kiwekewe mipaka inayoonekana, ipandwe miarobaini na mikungu, ambayo inakua haraka na kutoa kivuli kipana. Kiwepo choo kimoja chenye maji, na uzio mfupi upande wa barabara ili mtoto asichomokee kwenye bodaboda. Kamati ya mtaa ipange zamu za wanaotaka kukitumia asubuhi za Jumamosi na Jumapili, kwenye daftari, bure, na spika zisiruhusiwe kabla ya saa sita.

Na kwa mzazi ambaye michango ya watu inamdai ukumbi, nina ushauri ninaoutoa kila wiki, na wachache wameanza kuufuata. Fanyeni sherehe mbili. Ya mtoto asubuhi, karibu na nyumbani, wageni ambao anawajua majina. Ya kwenu usiku, siku nyingine, na ndafu, na mshereheshaji, na sare, mkimshukuru Mungu kwa mwaka mliomlea mtoto hadi akasimama. Mna haki ya kusherehekea, kulea ni kazi kubwa. Ila usiku huo mtoto abaki na bibi yake, alishwe mapema, aogeshwe, alale saa mbili.