Tukiitwa Sote Simba, Tutapona?

Juzi orodha ya wagombea ilipobandikwa, mwenzangu hakuuliza sera. Alipitisha kidole kwenye majina ya mwisho tu: "Huyu wa kwetu, huyu siyo." Na mimi, niseme ukweli, nishawahi kufanya hivyohivyo.

Mwaka 1699, kule Anandpur, Punjab, Guru Gobind Singh alikabili jambo kama hili. Jina la ukoo lilitosha kumtambulisha mtu tabaka lake. Basi wanaume wa Khalsa, jumuiya aliyoianzisha, wakapewa jina moja: Singh, yaani simba. Wanawake wakaitwa Kaur. Wa tabaka la juu simba, wa tabaka la chini simba.

Wazo zuri, ila halikumaliza kazi. Hadi leo Masingasinga wengi huongeza jina la ukoo baada ya Singh, na matabaka bado yapo.

Kwa hiyo sisemi tubadili majina; tumepewa na babu na bibi zetu. Kinachotakiwa kubadilika ni jicho linaloyasoma. Ijumaa tunapiga kura. Ziba jina la mwisho kwa kidole, kisha usome kaandika nini kuhusu hosteli na mikopo.