WANAFUNZI WAWILI TU!

Haya jamani, leo sina salamu ndefu. Kuna jambo limenikaa kooni tangu nikiwa chuo, na leo nalitema. Atakayechukia achukie, tutasalimiana kesho.

Wengi wenu Kisesa mnaipita mkiwa ndani ya basi la Musoma, mnachungulia dirishani, mnaona soko, mnaona bodaboda, basi. Iko wilaya ya Magu, kilomita kama 20 tu kutoka Mwanza mjini. Wanaoijua vizuri wanaijua kwa Bujora, yaliko makumbusho ya Wasukuma na ngoma za Bulabo ambazo karibu na mwezi wa sita hujaza watu mpaka pa kukanyaga hakuna. Mimi niliijua kwa sababu ndogo zaidi. Chumba cha bei nafuu! Chuo kilikuwa upande wa pili wa jiji, lakini vyumba vya karibu na chuo vilitaka kodi ya miezi sita mkononi, na mfuko wangu ulikuwa na pesa ya miezi miwili. Nikahamia Kisesa, kwa mama mmoja wa Kisukuma aliyekuwa akinigongea mlango alfajiri na sahani ya michembe na chai ya rangi. Wabeja sana mama, popote ulipo.

Kwa hiyo kila siku, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa stendi nikigombania Hiace ya mjini. Igoma, Nyakato, Buzuruga, Mabatini, halafu nabadilisha gari. Na kila siku nilisikia wimbo uleule:

"Wanafunzi wawili tu! Wawili! Wakubwa ingieni, wakubwaaa!"

Mnaujua wimbo huo. Msijifanye wageni.

Nitakuwa mkweli. Mwaka mzima wa kwanza wimbo ule haukunihusu. Mimi ni mwanachuo, sare nilishaivua, nalipa nauli ya mtu mzima. Konda akiniona tu anapanua mkono, "Mwanachuo, pita!" Nami napita. Napita katikati ya watoto wa shati jeupe na sketi ya bluu, nawasukuma kidogo kwa begi, nakaa dirishani, naweka earphone masikioni. Gari linaondoka, wao wanabaki. Nilidhani huo ndio utaratibu wa dunia, kama jua kuchomoza.

Sasa sikilizeni kilichonipata.

Ilikuwa mapema mwaka 2024, mwishoni mwa boom. Aliyewahi kusoma chuo anajua mwisho wa boom maana yake nini. Siku boom inaingia unakula sato mzima na soda mbili, unawacheka wanaokula mihogo. Wiki za mwisho mihogo yenyewe unaiomba. Asubuhi ile nilikuwa na sarafu moja ya mia mbili, na saa mbili nilikuwa na mtihani. Rafiki zangu wenye pesa wote wako chuoni, na kuwafikia lazima nipande gari. Nifanyeje?

Shetani akanipa wazo. Nikatoa kwenye sanduku shati langu la kidato cha sita na sweta la shule. Nikanyoa ndevu kwa wembe wa jana. Begi nikaliacha, nikashika daftari moja mkononi kama mtoto wa watu. Mama mwenye nyumba alipoona natoka akashika mdomo, hakusema kitu.

Hiace ya kwanza ikaja. Konda akaniangalia juu mpaka chini. Tulikuwa tunajuana!

"Mwanachuo! Leo umerudi fomu tu?"

Stendi nzima ikaangua kicheko. Nikabaki na mia mbili yangu mkononi, natabasamu kama mjinga. Halafu akasema neno ambalo sijalisahau: "Sawa, mwanafunzi ni mwanafunzi. Lakini wawili wameshapanda. Kaa na wenzako."

Nikakaa na wenzangu.

Ndugu zanguni, nilikaa zaidi ya saa moja. Magari saba yaliondoka mbele ya macho yangu, na katika muda ule nilijifunza kuliko muhula mzima wa darasani. Niliona kwamba wawili wanaopanda ni wale wenye misuli. Wavulana wa kidato cha tatu na cha nne wananing'inia mlangoni kabla gari halijasimama. Vitoto vya kidato cha kwanza, mabegi makubwa kuliko migongo, vinarudi nyuma. Binti mmoja alimvuta kanga mama aliyekuwa anapanda, akamwambia, "Mama, sema mimi mwanao." Yule mama akasema, na binti akapanda. Siku ile nikaelewa kwamba mtoto wa Tanzania anaweza kulazimika kuomba mzazi wa kuazima ili afike shule.

Nikaona na jingine. Mvulana mmoja alitoa nauli kamili ya mtu mzima, akapita bila neno. Maana yake ni nini? Mwenye pesa halipi mia mbili, anapanda kwa pesa yake. Ile nauli ya mia mbili ameachiwa asiye nayo, na asiye nayo ndiye anayebaki stendi. Punguzo tumempa, gari tumemnyima!

Karibu saa mbili, wakubwa walipokwisha, konda mmoja akasema, "Haya watoto, pandeni." Tukapanda. Njiani nikawauliza walio jirani yangu kinachowangoja shuleni. Wakacheka. Wa kuchelewa anachapwa, au anafagia uwanja huku wenzake wako kwenye hesabu. Kipindi cha kwanza kwao siku nyingi ni hadithi tu. Nauli kalipa, kusubiri kasubiri, na fimbo anaongezewa. Mimi nilifika chuoni mtihani umebakiza dakika 25. Alama niliyopata siiandiki hapa, mama yangu anasoma.

Nilitoka siku ile nimejaa hasira juu ya makonda. Nikaapa kwamba siku nikiwa mwandishi wa habari nitawaandika mpaka wakome. Leo ni mwandishi wa habari, na siwaandiki wao. Nawaandika ninyi, na mimi mwenyewe nikiwemo.

Kwa nini? Kwa sababu baadaye nilikaa na konda yuleyule kwa mama ntilie, boom imeingia, nikamnunulia chai na chapati mbili, nikamuuliza: kaka, wewe huna watoto? Akanijibu bila kukasirika. Anao wawili, wanasoma, na nao wanaachwa stendi na makonda wenzake. Akaniambia jioni tajiri anataka hesabu yake kamili, haulizi ulibeba nani. Mafuta haulizwi. Kinachobaki baada ya hapo ndicho chake na dereva, na siku kikikosekana yeye ni deiwaka tu, kesho gari anapewa mwingine.

Chukueni kalamu tupige hesabu pamoja. Mwaka 2013 nauli ya daladala ya mtu mzima kwa njia fupi ilipanda kutoka 300 hadi 400, na ya mwanafunzi kutoka 150 hadi 200. Mtoto alikuwa nusu ya mtu. Mwaka 2022 ya mkubwa ikawa 500. Desemba 2023 LATRA ikatangaza 600 kwa njia isiyozidi kilomita 10. Ya mwanafunzi? Mia mbili ileile. Mtoto akawa theluthi ya mtu! Kila nauli inapopanda sisi tunashangilia kwamba "wanafunzi wameachwa pale pale", kumbe tumemwongezea konda sababu ya kumfungia mtoto mlango.

Tuchukue gari la abiria 15 kwa nauli hiyo ya 600. Likijaa wakubwa watupu ni shilingi 9,000. Ukipakia wanafunzi watano na wakubwa kumi ni 7,000. Elfu mbili imepotea safari moja. Safari sita kwa siku ni elfu 12. Nani anailipa? Waziri? Mkurugenzi? Mwenye gari? Hapana. Inatoka kwenye mfuko wa kijana anayening'inia mlangoni, ambaye huenda ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote waliotajwa katika habari hii. Taifa zima limeamua kuwa na huruma kwa watoto, halafu likamtuma konda akalipe.

Huruma ya pesa ya mwenzako ni huruma gani?

Najua mtakayosema. Nimeyasikia yote.

"Trafiki wasimame vituoni." Wanasimama, na siku wanaposimama watoto wanapanda kweli. Trafiki akienda kunywa chai wimbo unaanza upya. Huwezi kumwekea kila Hiace askari wake.

"Basi nauli ya mwanafunzi ipande ifanane na ya wakubwa." Wewe unayesema hivi una gari. Mzazi mwenye watoto watatu, kwenda na kurudi, kwa mia mbili analipa 1,200 kwa siku. Kwa mia sita ni 3,600. Siku 20 za shule ni 72,000 kwa mwezi. Kwa mama anayeuza dagaa soko la Kisesa hiyo siyo nauli tena, ni barua ya kumfukuza mtoto shule.

"Watoto wasome karibu na nyumbani." Vizuri sana, lakini huko ni mbali na leo. Sekondari za kata tulizijenga kwa wingi tangu miaka ya 2000 na zimesaidia, hilo silipingi. Bado kuna watoto wanaopangiwa shule wasikoweza kufika kwa miguu, na shule ya kutwa bila gari ni jengo tu.

Tangu Januari 2016 tunajisifu kwamba elimu ni bila ada mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 tukaongeza kidato cha tano na cha sita. Ni jambo kubwa na mimi nalipigia makofi. Lakini ada tuliyoifuta darasani imekwenda kukaa mlangoni mwa daladala, na pale inadaiwa kila asubuhi na kila jioni.

Jioni ndiyo iliyonitoa usingizi. Yule binti aliyeazima mama nilimwona tena Igoma, giza limeanza, anangoja gari la kurudi Kisesa. Mimi nilikuwa nimeshakaa ndani, dirishani kama kawaida yangu. Kijana wa bodaboda akasimama mbele yake: "Panda nikupeleke, hela utanipa siku nyingine." Binti akatikisa kichwa. Wiki hiyohiyo nikamwona tena pale pale, kijana yuleyule. Safari hii alipanda.

Mwaka 2021 serikali iliruhusu wasichana waliokatishwa masomo na ujauzito warudi shule. Mimi ni katika waliofurahi. Lakini tunafungua mlango wa kurudi huku ule wa kutokea tumeuacha wazi, pale stendi, kwa sababu ya tofauti ya shilingi 400. Halafu mambo yakiharibika tunauliza, "Hivi wasichana wa siku hizi wana nini?" Hawana gari! Hicho ndicho wanacho.

Msiniambie ruzuku haiwezekani. Juni 2022 mafuta yalipopanda, serikali iliweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili bei ishuke, na aliyejaza tangi la gari lake binafsi akafaidi. Tukiamua tunaweza. Ninachotaka ni kidogo sana kuliko hicho. Shule impe mtoto kuponi za mwezi zenye muhuri. Mtoto ampe konda kuponi na mia mbili yake. Mwenye gari azipeleke halmashauri na alipwe ile tofauti, au akatwe kwenye ada za kibali chake. Konda akipata 600 kwa kichwa cha mtoto kama kwa kichwa changu, wimbo utakufa wenyewe bila askari hata mmoja. Kutakuwa na wizi wa kuponi? Utakuwepo. Tukamate wezi. Hatujawahi kufunga benki kwa sababu kuna majambazi.

Na mpaka hilo lifanyike, kuna sisi tunaokaa dirishani. Konda anapoimba "wawili tu", gari zima huwa kimya. Watu 15 wazima, wenye watoto, wenye vyeo, kimya! Anamwogopa tajiri peke yake kwa sababu abiria hatujawahi kusema neno. Tukisema kwa pamoja "hatuondoki mpaka hawa wapande", ataondokaje?

Mimi sikusema. Nilikuwa na earphone. Nilimwona binti yule akipanda ile pikipiki, gari letu likaondoka, nikaongeza sauti ya muziki.

Kiti nilichokalia kilikuwa chake. Nilikipata kwa kuwa nilimzidi mia nne.